Kutoka Chimwaga hadi Mumbai ni saa ngapi?

Ukisimama Chimwaga jioni, upepo wa Dodoma hauachi kofia kichwani. Mji unaonekana kwa mbali, mabati yake yaking'aa jua linapozama, na siku ambayo hewa haina vumbi unaweza kuona ndege ikishuka kuelekea uwanja ulio katikati ya mji. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma hawana habari nayo. Watoto wa Ng'ong'ona, jirani na chuo, bado wanaipungia mikono.

Mmoja wao ana miaka tisa na hajawahi kupanda ndege. Ana selimundu. Mama yake, anayewauzia wanafunzi wali na maharage, amelala naye wodini mara nyingi kiasi kwamba ana mfuko maalumu ulio tayari muda wote nyuma ya mlango: kanga mbili, kikombe, chaja, kadi ya kliniki, soksi nene za mtoto. Maumivu yakianza usiku, hana muda wa kutafuta soksi.

Mwaka jana, baada ya mtoto kulazwa mara tatu ndani ya miezi minne, kaka yake mama huyo aliyeko Dar es Salaam aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba imefika wakati wa kumpeleka kijana India. Ndugu waliitikia. Mmoja aliahidi fedha baada ya mavuno, mwingine akasema ana rafiki aliyempeleka baba yake Mumbai kwa ugonjwa wa figo. Orodha ya michango ikafunguliwa usiku uleule.

Mama hakuandika kitu kwenye kundi. Aliandika kwenye simu, sehemu ya kutafuta: Dodoma hadi Mumbai ni kilomita ngapi. Jibu lilikuja kabla hajameza mate. Kilomita 4,940 kwa mstari ulionyooka, saa sita na dakika kadhaa kwa ndege.

Saa sita. Basi la Dodoma kwenda Mwanza linachukua muda mrefu kuliko huo. Alimwambia mumewe kwamba kumbe India si mbali.

Hesabu hiyo wazazi wengi huifanya kwa simu, wakiwa na mtoto mgonjwa pembeni, na si uongo. Ila inapima umbali wa ndege. Umbali wa familia ni kitu kingine.

Mstari ulionyooka

Kurasa zinazotoa umbali kati ya miji miwili huchukua nukta ya mji mmoja na nukta ya mji mwingine, kisha hupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Muda wa safari hupatikana kwa kugawa umbali huo kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, kilomita 800 hadi 900 kwa saa, na pengine kuongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Ukurasa haujali kama ndege hiyo ipo. Ungeweza kuuliza umbali wa Kondoa na Chicago, ungejibiwa kwa heshima zote.

Kutoka Dodoma hakuna ndege inayoruka moja kwa moja hadi Mumbai. Abiria huanzia Dar es Salaam. Dodoma hadi Dar kwa anga ni takriban kilomita 390, na Dar hadi Mumbai ni takriban 4,680. Jumla ni kilomita 5,070, yaani 130 tu zaidi ya ule mstari wa kwenye simu, kwa sababu Dar iko karibu njiani. Kwa kilomita, kupitia Dar si hasara. Hasara iko kwenye saa.

Tazama kipande cha kwanza. Kilomita 390 huchukua kama saa moja na dakika kumi, maana yake ndege inayoweza kwenda kilomita mia sita na zaidi kwa saa inageuka kuwa chombo cha kilomita 330 hivi kwa saa. Sehemu kubwa ya muda huo inaliwa na kutembea uwanjani, kupaa, kushuka na kutafuta maegesho. Safari fupi ya ndege ni ghali kwa muda. Ndiyo maana treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imewafanya watu wengi wa Dodoma wasitamani tena ndege ya kwenda Dar: chini ya saa nne, mtoto anaweza kusimama, kutembea, kwenda chooni bila kusubiri taa ya mkanda izimwe.

Kipande cha pili ndicho cha saa sita. Shirika la ndege la taifa, Air Tanzania, lilianza kuruka moja kwa moja Dar hadi Mumbai Julai 2019, kwa ndege ya Boeing 787-8. Kwa wagonjwa lilikuwa jambo kubwa, kwani njia nyingine zote zinapinda. Anayepitia Addis Ababa husafiri karibu kilomita 5,600 kutoka Dar hadi Mumbai. Anayepitia Doha hufikisha 6,100, akipanda kaskazini hadi Ghuba na kugeuka tena mashariki. Kwa mfanyabiashara anayekwenda kununua vitambaa, tofauti hiyo ni usingizi tu. Kwa mtoto mwenye homa ni kushuka, kukaguliwa, kusubiri saa mbili au saba kwenye viti vya chuma, na kupaa tena.

Na Mumbai mara nyingi si mwisho wa safari. Hospitali ambayo rafiki wa rafiki amewataja inaweza kuwa Chennai, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka hapo, au Hyderabad, au Delhi. Hiyo ni ndege ya tatu.

Watu wa eneo hili waliujua umbali wa Bombay kabla ya simu. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa kijana na kupelekwa India, alirudi Zanzibar akiwa mtu huru na jina la mji huo. Aliwaongoza Burton na Speke. Msafara huo uliondoka pwani Juni 1857, ukapita Ugogo, na kufika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba mwaka huohuo. Miezi mitano kwa miguu, njia ambayo sehemu yake, ile ya hadi Dodoma, sasa abiria anaimaliza akiwa amelala na mdomo wazi kwenye kiti cha SGR.

Saa za tiketi

Kosa ambalo huwapata hata wasomi halihusu kilomita, linahusu saa. India iko mbele ya Tanzania kwa saa mbili na nusu. Chukua ndege inayoondoka Dar saa 10:00 jioni. Baada ya saa sita hewani, saa ya mkononi ya mama inasema saa 4:00 usiku, lakini ukutani Mumbai ni saa 6:30 usiku na tarehe imebadilika. Tiketi itaandika kuondoka 16:00 na kufika 00:30. Asiyejua atahesabu saa nane na nusu na kudhani ndege inapita mahali.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Ndege ikiondoka Mumbai saa 8:30 usiku itatua Dar saa 12:00 asubuhi, na kwenye karatasi itaonekana kama imetumia saa tatu na nusu tu. Ni zilezile saa sita.

Kuna mtego mbaya zaidi. Tiketi inayosema 00:30 Jumatano inamaanisha kile ambacho sisi tunakiita usiku wa kuamkia Jumatano. Abiria anatakiwa awe uwanjani Jumanne jioni. Akifika Jumatano jioni, ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Kiswahili kinaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapozama, tiketi inaanza usiku wa manane, na kati ya hesabu hizo mbili familia inaweza kupoteza nauli ya watu watatu. Njia rahisi ni kumwomba wakala aandike kwa mkono, kwa Kiswahili, siku na saa ya kuwa uwanjani, kisha karatasi hiyo ibandikwe ukutani.

Saa hizo zinagusa pia dawa. Mtoto anayekunywa dawa saa 2:00 asubuhi na saa 2:00 usiku hapa Dodoma, akifika Mumbai saa zake zitakuwa 4:30. Mwili wake haujui kwamba amevuka bahari, unajua saa 12 zimepita. Mzazi anaweza kuacha simu moja ikiwa na saa ya nyumbani na kuendelea kuifuata hadi atakapoelekezwa na daktari namna ya kubadili. Dawa zenyewe zikae kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Begi kubwa linaweza kuchelewa siku mbili. Dawa haiwezi.

Ndani ya ndege ni Njombe

Rubani akitangaza kwamba ndege iko juu sana, kilomita kumi au kumi na moja, hewa anayovuta abiria si ya huko nje. Hewa ya ndani hugandamizwa ili watu waweze kupumua, lakini haigandamizwi kufikia ile ya pwani. Katika ndege nyingi inaruhusiwa kuwa sawa na ya mtu aliyesimama mwinuko wa hadi mita 2,400. Boeing 787 imetengenezwa ili isizidi mita 1,800 hivi. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000. Kwa maneno mengine, kwa saa sita abiria huwa amehamia mahali fulani kati ya Mbeya na Njombe, au juu zaidi.

Mtu mwenye afya hatambui, labda atasinzia. Ukimweka kifaa cha oksijeni kidoleni utaona namba imeshuka kutoka 97 au 98 hadi tisini na kitu kidogo. Mtoto wa selimundu, ambaye chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu oksijeni ikipungua na kisha kuziba mishipa midogo, hana nafasi hiyo ya kuchezea. Ongeza na ukavu: hewa ya ndegeni ina unyevu mdogo kuliko hata Dodoma ya Septemba. Ongeza baridi ya kiyoyozi. Upungufu wa maji, baridi na upungufu wa oksijeni ndivyo vitu vitatu ambavyo kila mama wa mtoto mwenye selimundu huambiwa kliniki avikwepe. Ndege inavikusanya vyote kwenye kiti kimoja.

Hiyo haimaanishi watoto hawa hawapandi ndege. Wengi wanapanda na kufika salama. Inamaanisha kwamba swali la kwanza kwa daktari lisiwe nauli ni kiasi gani. Liwe: mtoto huyu, kwa damu aliyonayo wiki hii, anaweza kukaa saa sita Njombe? Aliyetoka kwenye shambulio la maumivu siku chache zilizopita, au mwenye tatizo la kifua, anaweza kuambiwa asubiri. Akihitaji oksijeni safarini, shirika la ndege linataka kujua mapema, na daktari hujaza fomu ya taarifa za afya ya abiria. Oksijeni haiombwi mlangoni mwa ndege.

Mengine ni mambo ya mama. Maji kidogokidogo tangu asubuhi, yasingoje kiu. Sweta na zile soksi nene. Kutembea kwenye ujia kila baada ya saa moja au mbili, hata kama mwenye kiti cha pembeni atakunja uso. Kwa mwenye mtoto mchanga, nusu saa ya mwisho ndiyo ya kumnyonyesha, kwani ndege inaposhuka masikio huziba na kumeza husaidia kuyazibua. Mtoto aliyelala aamshwe wakati huo. Kilio kingi kinachosikika ndege ikikaribia kutua kinatoka kwa watoto waliozinduliwa na maumivu ya masikio, si kwa utundu.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Mama wa Ng'ong'ona alipoanza kuhesabu upya, hakutumia ukurasa wa umbali. Alitumia daftari la mkopo, lile analoandikia wanafunzi wanaokula na kulipa boomu likitoka.

Kutoka nyumbani saa 12:00 asubuhi. Treni, Dar kabla ya saa sita mchana. Foleni ya Dar, ambayo hakuna ukurasa unaoijua. Uwanja wa Julius Nyerere saa 7:00 mchana, saa tatu kabla ya ndege ya kimataifa. Kuruka saa 10:00 jioni, kutua saa 4:00 usiku kwa saa za nyumbani. Uhamiaji, mabegi, fedha za kubadilisha, teksi. Mlango wa nyumba ya wageni karibu na hospitali saa 7:00 usiku, wakati huko ni saa 9:30 usiku wa manane uliopita. Saa 19 na mtoto mgonjwa, na hapo kila kitu kimekwenda sawa. Shemeji yake, aliyewahi kumsindikiza mgonjwa, alimshauri waende Dar siku moja kabla, walale. Basi ni siku mbili.

Kabla ya siku hizo mbili kulikuwa na wiki. Pasipoti ya mama na pasipoti ya mtoto, kwani mtoto haingii kwenye pasipoti ya mzazi. Viza ya matibabu ya mgonjwa, na viza ya msindikizaji, ambayo India huwapa wasindikizaji wasiozidi wawili. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, jambo linalowaumbua wanaochanja siku ya safari. Barua za hospitali, vipimo, picha.

Mstari wa mwisho kwenye daftari ndio uliomfanya aweke kalamu chini. Tiba iliyokuwa ikizungumzwa kwenye kundi la ukoo ni upandikizaji uloto. Daktari huharibu kwa dawa kali uloto wa mtoto unaotengeneza damu yenye mundu, kisha humpa uloto wa mtu mwenye afya. Mtu huyo kwa kawaida ni ndugu wa tumbo moja, na kwa kila ndugu uwezekano wa kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo anayesafiri si mgonjwa na mama tu. Ni mgonjwa, mama, na mtoto mwingine aliyeacha shule. Baada ya upandikizaji, takriban siku 100 za kwanza huwa za kumwangalia mgonjwa kwa karibu sana, akilindwa na maambukizi, akipimwa damu mara kwa mara.

Saa sita hewani, siku 100 mbali na nyumbani. Nani atauza wali? Nani atalala na yule mdogo wa miaka mitano?

Upande wa pili wa chuo

Majengo ya Chimwaga yana historia ya safari za watu wengine. Ukumbi ulikuwa wa CCM, na mwaka 2005 wajumbe wa mkutano mkuu kutoka nchi nzima walikusanyika hapo na kumteua Jakaya Kikwete kugombea urais, Rais Benjamin Mkapa akimaliza muda wake. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzia hapohapo. Kisha barabara za lami zikakatwa kwenye vichaka vya miiba, vilima vikapata majina ya vitivo, na mwaka 2015, ndani ya eneo la chuo, ikafunguliwa hospitali inayobeba jina la Mkapa.

Kwa wenyeji, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilikuwa kwa muda jengo kubwa la kwenda kushangaa. Mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo, miezi michache baada ya Muhimbili kufanya upandikizaji wa kwanza nchini mwishoni mwa 2017. Hiyo ilikuwa mojawapo ya safari kubwa za Watanzania kwenda India. Safari nyingine kubwa, ya watoto wenye matundu kwenye moyo, ilikuwa imeanza kupungua baada ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kuanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Na mwaka 2023 hospitali hii ya Dodoma ikaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

Mama alipita mbele ya hospitali hiyo karibu kila siku akiwa na ndoo za chakula. Mtoto wake alitibiwa kwingine, karibu na kwa bibi yake, kwa sababu kadi ilifunguliwa huko alipozaliwa. Taarifa alizipata kwa muuguzi mmoja kliniki, alipomuuliza kwa sauti ya chini kama mtoto anaweza kupanda ndege.

"Ndege ya wapi, mama?"

"India, sista. Wanasema ni saa sita."

Muuguzi akamuuliza anaishi wapi. Aliposikia Ng'ong'ona, alicheka kwanza, kisha akamwomba radhi kwa kucheka.

Si kwamba umbali ukishafutwa kila kitu kinakuwa rahisi. Nchini inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na vitanda vya upandikizaji ni vichache mno. Gharama bado ni kubwa kwa muuza wali. Si kila mtoto anafaa kupandikizwa. Dawa zenyewe ni kali na zina hatari ambazo daktari anatakiwa kuzieleza zote kabla mzazi hajasaini. Wapo wagonjwa ambao India bado ni jibu sahihi, na kwao hesabu za ndege zilizoandikwa hapa ni za kweli na za lazima. Wengi zaidi watabaki na haidroksiyurea, foliki asidi, maji na kliniki, na watoto wao watakua.

Lakini siku 100 za kulala kitanda kinachoonekana kutoka barabarani si siku 100 za Mumbai. Baba anaweza kuja jioni akitoka kwenye ujenzi. Bibi anaweza kuleta uji, hata kama utaishia mlangoni kwa sababu ya masharti ya maambukizi. Dada mkubwa anaweza kutoa uloto wakati wa likizo na kurudi darasani. Anayeijua lugha ya wauguzi anaweza kuuliza swali lilelile mara tatu bila kutafuta mkalimani.

Kaka wa Dar hakufurahi mara moja. Kwa watu wa rika lake, India ndiyo neno la mwisho la tiba, na kumtibu mtoto Dodoma wakati mchango upo kulionekana kama ubahili wa mashemeji. Walizungumza kwenye simu hadi salio likaisha, akapiga yeye. Walichokubaliana ni kwamba fedha zilizochangwa zisirudishwe kwanza. Zilipie vipimo.

Vipimo vilianza na ndugu wawili. Dada mkubwa, wa miaka 14, alikaa kimya sindano ilipoingia. Mdogo wa miaka mitano alilia hadi kaka yake mgonjwa akamshika mkono na kumwelekeza kwa utaalamu wote asitazame, ahesabu madirisha. Yeye amechomwa mara nyingi, anajua madirisha ya wodi ngapi.

Majibu ya dada yalitoka kwanza. Hakulingana.

Ya mdogo yalikuwa bado. Mama aliambiwa arudi Alhamisi, saa 3:00 asubuhi, kwa saa za Dodoma, muuguzi akatania. Walitoka nje na kusimama kituoni kusubiri daladala, upepo ukipeperusha kanga, wakati ndege ikishuka upande wa mjini. Mtoto wa miaka tisa aliuliza kama ile inatoka India.

"Hiyo inatoka Dar, baba."

Akauliza wameondoka saa ngapi. Mama akatazama simu, akapunguza saa moja na dakika kumi, akamwambia.